Chuma Alilalamika

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mwoka mikate ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma. Ametutoka akiwa na miaka arobaini na mmoja. Ukoo wake umeniletea karatasi nisome kwamba aliugua kwa muda mfupi. Siisomi. Mjane wake ameniomba niseme kweli. Chuma alijiua. Aliugua miaka sita, na ukoo mzima ulijua.

Jina hilo alipewa na babake. Siku moja Chuma aliungua mkono kwenye tanuri, ngozi ikabanduka, asitoe hata mguno. Mzee akawaita majirani waje watazame. Mkono wa mwanawe unavuja maji, yeye anajigamba!

Basi Chuma akazoea kunyamaza. Hata alipofiwa na kifungua mimba wake, alilia stoo, nyuma ya magunia ya unga. Siku moja mkewe alimpelekea chai, akamkuta uso mweupe pepepe kwa unga, michirizi miwili imeshuka mashavuni.

"Nimechoka tu, mama watoto."

Mkewe hakukubali. Akampeleka hospitali, akapewa dawa. Akaanza kupata usingizi. Akaanza hata kuwatania wateja. Mwaka mzima, wasikilizaji, mwaka mzima alikuwa mtu.

Kisha kaka yake mkubwa akaziona zile dawa kabatini. Akaitisha kikao. Akazimwaga chooni, wajomba na shangazi wakitazama. Chuma akasema moyo umemwelemea, kaka akamkatisha.

"Kwetu hakuna wendawazimu. Wewe ni mwanamume, jikaze!"

Shangazi mmoja akacheka. Chuma akaomba radhi. Narudia: yeye ndiye aliyeomba radhi. Hospitali hakurudi tena. Miezi miwili baadaye, tukamzika.

Pale makaburini, kaka huyohuyo akashika kipaza sauti. "Ndugu yangu hakuwahi kulalamika," akasema, tena kwa fahari.

Mjane akasimama. "Alilalamika, shemeji. Aliwalalamikia nyinyi."

Wakamvuta kanga akae chini, ati anawaaibisha. Nilikuwepo.

Mama, wewe na binti zako wawili, poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa watu mlioachiwa. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtu wa nyumbani kwenu akisema moyo umemwelemea, msimkatishe. Muulize kuna nini, kisha funga mdomo wako umsikilize. Na akianza kulia, usitoke chumbani.