Ufa wa Chumba cha Nyuma

Sogeeni, wanangu, mkae karibu na kitanda, wewe kifungua mimba wangu upande wa dirisha, na wewe kitinda mimba hapa mlangoni, maana sauti yangu imekuwa ya kuazima na mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Msiniambie nipumzike. Kupumzika kuko mbele, tena kwingi. Nimewaitia hiyo nyumba ndogo iliyo juu ya meza, na puti iliyopakwa ukutani mwake asubuhi inakauka huku tunatazamana, kwa hiyo nisikilizeni kwanza, machozi yatasubiri.

Mnajua nyumba yetu ya kwanza ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Wenzangu waliokoa milango na mabati. Mimi niliokoa vipimo, kwa kamba ya kufungia vifurushi, nikaja kuijenga upya kwa ubao mwembamba, kila chumba ukubwa wa boksi la viatu. Majirani wakaniita Bibi Puti, wakacheka mama mzima kucheza na nyumba ya wanasesere, nami nikawaacha wacheke, kicheko hakibomoi kitu. Mlikua mkiniona nikikoroga puti ya kuzibia kuta mpaka iwe kama uji mzito, nikitia kijiko cha gundi isije ikapasuka, nikipaka kidogo na kungoja, nikipaka tena na kungoja, kisha nikiigongagonga kwa mswaki mkuukuu ili ukuta uparuze kama lipu ya kweli. Mawe ya msingi ni trei za mayai zilizolowekwa na kufinyangwa. Udongo wa uani ni majani ya chai tuliyokwisha kunywa, nikayaanika, nikayabandika. Kwa hiyo wageni wetu wote wamo pale uani, hata shangazi yenu aliyekuwa hamalizi kikombe.

Siku hizi nikifumba macho naingia humo. Sijui ni dawa au ni umri. Najikuta mdogo kama kidole, napita mlangoni bila kuinama, jikoni kuna joto, na mtu ananitangulia chumba hadi chumba akipiga mluzi, nami namfuata polepole kwa sababu najua nikimharakisha ataondoka. Kila mara ananifikisha chumba cha nyuma, ananyoosha mkono, anaupapasa ukuta, anapapasa, hapati anachokitafuta. Halafu naamka.

Mnajua anatafuta nini. Chumba kile kilikuwa na ufa mwembamba kutoka kona ya dirisha hadi kwenye mto wako, binti yangu, na baba yenu alikataa katakata kuuziba, kwani kila alfajiri kabla ya kwenda kazini alisimama nje, akapitisha njiti ya ufagio, akakutekenya sikio mpaka ukaamka unacheka. Nikautia ufa uleule katika nyumba ndogo, nikaukata hadi upande wa pili wa ubao. Kisha nikalazwa hospitali, na wewe, mwanangu, ukakuta ukuta wa mama umepasuka. Ukauziba, ukausugua kwa msasa ukawa laini kama shavu la mtoto, ukakaa ukingoja nirudi nifurahi. Ungejuaje? Baba yako alipofariki ulikuwa bado mgongoni kwangu. Dada yako alipouona alisema umemzika baba mara ya pili, na tangu hapo hamjasalimiana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi mmewashinda wahenga, maana ufa umezibwa na ukuta umesimama vilevile, tena kati yenu, na hauna hata dirisha.

Binti yangu, nakupenda, lakini neno lile silipendi. Siku ulipoondoka kwa hasira, mdogo wako alikaa kwenye kiti hicho akaniambia, "Mama, yeye ana baba wa kumkumbuka. Mimi nilikuwa na ukuta tu, nao nimeuharibu." Hukulijua hilo, sasa unalijua. Usinitazame mimi, mtazame yeye.

Mengine ni mepesi. Visu vyangu na makopo ya rangi mpeni fundi cherehani, jirani yetu, aliyenisaidia leo kuukwangua ukuta ule hadi kwenye ubao na kuupaka puti mpya, maana mikono yangu haishiki tena. Kitanda hiki kichomeni au kigaweni, shauri yenu. Ila nyumba ndogo haigawanywi. Nisije nikasikia huko niendako kwamba mmoja kachukua jiko na mwingine kabeba sebule. Itakaa kwa mkubwa, kisha kwa mdogo, kisha irudi kwa mkubwa, na anayeipokea aifuate kwa miguu yake, aketi, anywe chai, na majani yake yaongezwe pale uani.

Haya, iguse puti, mwanangu. Ikiwa hainati kidoleni lakini bado inakubali kucha, huo ndio wakati wake, ukichelewa itamomonyoka. Chukua kile kisu kidogo. Binti yangu, ushike mkono wake, umwonyeshe ufa ulianzia wapi na ulipindia wapi, na mkono ukienda mwambie na mluzi, na viatu vya baba yenu kwenye changarawe, na ile njiti ilivyokuwa na baridi ya umande. Mpe baba yake. Usimpunje.

Polepole. Kisu kitauona chenyewe mpasuko wa zamani. Hivyo hivyo... zungumzeni tu, mimi nasikia, hata nikinyamaza nasikia. Radhi zangu zote ninawaachia, za mbele na za nyuma, za mlichonikosea na msichonikosea. Mkijikwaa muinuane. Watoto wenu wasirithi kimya.

Umefunguka? Mwanga unapita? Basi isogezeni nyumba hapa, karibu na mto wangu. Karibu zaidi, macho yamekuwa mazito. Wewe mdogo, chomoa njiti ya ufagio, zunguka nyuma. Leo ni zamu yako. Na wewe, binti yangu, mama yangu, inama, weka sikio lako ukutani kama zamani.

Pitisha, mwanangu. Usiogope.

Cheka, mama. Cheka nisikie.

Naam... kicheko kilekile.