Chekeche la Banda la Treni

Nilikuwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi ya pili, Thabiti alipofika mbio na dele lake. Huuza kahawa kwenye benchi lililoegemea ukuta wa nyumba yetu, na kwa kuwa habari zake ni nyingi kuliko vikombe vyake, wanamwita Redio. Benchi linatazamana na banda la zamani la treni. Reli ya kwenda Nachingwea ilikwishang'olewa, ikabaki kuta za matofali, mabati na popo. Saidi, aliyekuwa akichochea moto wa treni, hulikodolea macho kila jioni kama anayesubiri kuitwa kazini. Huyo ni Injini. Mume wangu Waziri, mpagazi wa bandarini, ndiye Kreni. Mimi hukaa mlangoni na kazi zangu. Nasikia yote, kahawa sipewi.

— Banda limepata kazi, Redio alisema kabla hajatua dele. Nimemsikia bwana mmoja wa ofisini, nimesimama dirishani kwake. Kasema banda la treni wanalifanya chekeche.

— Chekeche la nini? Injini aliuliza.

— La nini tena, Mtwara hii? La korosho. Kubwa huku, ndogo huku, mbovu zinadondoka chini.

— Banda lote lile?

— Lote. Mashine inaanzia mlango huu inatokea ule.

Injini aliweka kikombe chini.

— Mashine kama hiyo haiendi kwa umeme wetu huu wa kuzimikazimika. Inataka mvuke. Na mvuke, bwana, ni treni. Watarudisha reli.

— Reli si waliing'oa?

— Waliing'oa kuipumzisha.

— Na maganda hayatupwi, Redio alisema. Yanakamuliwa mafuta, yanapakwa ndege isishike kutu.

— Nani kakwambia?

— Kwani wewe umeshaona ndege ina kutu?

Waziri alikuwa akijikanda kiuno. Wiki nzima amekuwa akilala kifudifudi kwa ajili ya mgongo.

— Watataka watu, alisema.

— Tele, Kreni. Tena kazi ya kukaa. Wewe unaitazama korosho tu inapita.

— Hata watu watachekechwa, Injini aliongeza. Wazembe wanabaki juu, wachapakazi wanapita.

Waziri akainuka, akakung'uta kikoi.

— Napitia kwa nyapara Hamisi. Namwambia kesho nafasi yangu ampe mwingine, mimi niwahi kujiandikisha.

Nafasi ya bandarini ukiiachia jioni, asubuhi ina mwenyewe. Niliacha kukuna.

— Baba Somoe, hilo chekeche umeliona?

— Mama Somoe, ukingoja kuona, wenzako wameshaingia.

— Ngoja ule kwanza.

— Nikirudi.

Alikuwa keshavuka mtaro alipokutana na mtu aliyebeba kiti begani. Mtu huyo alitusalimu wote kwa heshima, akajitaja jina, Petro, seremala kutoka Newala.

— Samahanini wazee. Banda la treni ndilo hili?

— Ndilo, Redio alimjibu. Umekuja kujiandikisha? Panga foleni nyuma ya Kreni.

— Nimeagizwa viti vya humo. Hiki cha mfano.

Akakitua. Kilinifika chini ya goti. Kimepakwa rangi nyekundu.

— Vya wachambuaji hivyo, Injini alisema. Korosho zinapita chini, lazima mtu akae chini.

Redio akajaribu kukikalia. Alipoinuka, kiti kiliinuka naye.

Petro alikivuta taratibu, akakifuta.

— Hilo ndilo linanisumbua tangu Newala. Nielezeni wazee, mtu mzima gani anatosha humu?

Injini alitazama banda. Redio alitazama kahawa yake. Mwaisha wangu, ambaye hajaota meno yote, akatoka ndani akakaa kwenye kile kiti, miguu ikagusa chini sawasawa.

— Redio, nikamwambia, yule bwana alisema chekeche, au chekechea?

— Si mamoja?

— Chekeche unachekechea unga. Chekechea ni shule ya watoto wadogo. Tuliambiwa kwenye mkutano wa akina mama.

— Kweli kulikuwa na "a" mwishoni. Nikadhani anahema.

Waziri alikuwa bado amesimama ng'ambo ya mtaro, uso kauelekeza kwa nyapara. Nikarudi kwenye nazi yangu, maana ningesema neno angekwenda kwa hasira tu. Nilikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu ndipo nikasikia benchi likilia chini ya Waziri.

Nilipopakua ugali wa muhogo na samaki, ilibidi wote wale, maana hakuna aliyeondoka.

— Shule nayo hutaka mlinzi, Waziri alisema, tonge mkononi.

— Kesho kuna meli? nikamuuliza.

— Ipo.

— Basi kula.

Nikawahesabu kama kila usiku: wanangu Somoe, Abeid na Mwaisha aliyekataa kushuka kitini, wale wawili wa benchi, na mgeni. Wote wapo. Ila leo, kabla ya watoto, nilianzia kwa Waziri, aliyerudi kutoka ng'ambo ya mtaro.