Marehemu Onyiego Nyangau na Safu Mbili za Daftari la Wagonjwa

Ndugu yetu Onyiego alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Gesima, Nyamira, akiwa kitinda mimba wa Mama Nyamusi na marehemu Mzee Nyangau.

Alisoma Gesima, akichuma majani chai kabla ya kengele ya asubuhi, kisha akapata diploma ya kompyuta mjini Kisii mwaka wa 2002. Mzee Hasmukh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyemwajiri kwanza. Alikuwa akimtania kwamba hajui kusema "haiwezekani", anajua tu kusema "wiki ijayo".

Tarehe 8 Agosti 2004 alifunga ndoa na Nyakerario katika kanisa letu la Waadventista.

Mwaka wa 2011 aliitengenezea hospitali ndogo karibu na Keroka daftari la wagonjwa la kompyuta. Safu ya kundi la damu aliiita "group", ya foleni akaiita "order". Maneno hayo kompyuta imejiwekea kwa amri zake yenyewe. Ukiyafanya majina ya safu, sharti uyazungushie alama za kunukuu kila mara, la sivyo inagoma. Onyiego alijua, akasema atayabadilisha wiki ijayo. Ikapita miaka kumi na mitatu.

Novemba 2024 mwenzake Anyona, mtunzaji wa daftari hospitalini, alizisahau alama hizo alipokuwa akilirekebisha, daftari likagoma mama mjamzito akisubiri damu. Wauguzi walimpima upya, akapona. Onyiego hakujisamehe.

Mwezi uliofuata aligunduliwa kuwa na saratani ya umio, akapewa tarehe 6 Januari kuanza matibabu Eldoret. Hakwenda.

"Wacha nibadilishe hayo majina kwanza, mama Bosibori," alimwambia mkewe. "Hiyo makosa ni yangu, si ya Anyona."

Majina yalikuwa mawili, lakini yalitajwa pahali zaidi ya mia tatu. Alimaliza tarehe 21 Februari, akiishi kwa uji tu. Mimi dada yake, Nyangate, nilimgombeza, na hasira hiyo ninayo hata ninaposoma haya. Matibabu yalipoanza, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 alizidiwa, akahitaji kuongezwa damu, tukamkimbiza hospitali ile ile ya karibu na Keroka. Anyona alifungua daftari, na kundi la damu la Onyiego likatokea papo hapo. Ndugu yangu alitabasamu. Damu ya kundi hilo haikuwepo. Mwanawe Machogu alipofika kutoka Nyakoe kumtolea damu, baba yake alikuwa ameshatuacha.

Ameacha mama yake, mjane wake Nyakerario, watoto Bosibori na Machogu, na sisi ndugu zake wanne.

Hayo majina yangengoja, ndugu yangu. Wewe ndiye hatukuwa tayari kukukosa. Mungu akupumzishe kwa amani.