Phyllis Chepkurui Maritim, Aliyeiandaa Nyumba Yake kwa Siku Mbaya

Mama yetu Phyllis alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 huko Chebunyo, Chepalungu, akiwa mtoto wa tano kati ya wanane wa Mzee Arap Tesot na Mama Rebecca. Wazazi wake walifuga ng'ombe na mbuzi mahali penye kiangazi kirefu, na yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba alijua kubeba mtungi kabla ya kujua kuhesabu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Alifaulu mtihani wake, lakini ndugu zake wawili wakubwa walikuwa tayari sekondari na nyumba haikuweza kumpeleka wa tatu. Hakulilalamikia jambo hilo mbele yetu hata siku moja. Vitabu vyake vya sayansi alivitunza, na kaka yetu Benard alivisoma miaka ishirini baadaye, kurasa zikiwa zimegeuka manjano.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuchuma chai katika shamba moja kubwa la Kericho. Miaka miwili baadaye wachumaji kumi walichaguliwa kufundishwa huduma ya kwanza kwa wiki moja, naye akawa mmoja wao. Alifundishwa kufunga jeraha, kupoza mahali palipoungua, na kutengeneza machela kwa miti miwili na magunia. Wenzake waliokuja kutufariji wiki hii wamesema kwamba mtu akijikata, alikuwa anaitwa Phyllis kwanza, halafu msimamizi.

Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na Noah Kipkemboi Maritim, mkulima wa chai na maziwa hapa Kapsinendet, karibu na Merigi. Mwaka uliofuata walimpata Janeffer, kifungua mimba wao, na kuanzia hapo mama akaitwa Mama Janeffer.

Sehemu inayofuata aliomba isirukwe. Jioni ya tarehe 14 Februari 1984, jua likizama, mama alikuwa ameshuka mtoni, kwa sababu nyumbani hapakuwa na maji hata kikombe kimoja. Koroboi, taa ya mafuta, ilianguka juu ya godoro la nyasi, moto ukashika. Baba alikimbia kutoka zizini, akaingia, akamtoa Benard, aliyekuwa na miaka miwili. Aliporudi kumchukua Janeffer, paa la nyasi lilikuwa limeshaanguka. Majirani walifika na sufuria tupu mikononi. Janeffer alikuwa na miaka minne. Mama aliupanda mlima kutoka mtoni na debe kichwani bila kumwaga hata tone, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.

Baada ya mazishi, wanawake wengine walimshauri aanze kuitwa Mama Benard, ili jeraha lipone. Alikataa. Aliwaambia kwamba mtoto akishaondoka, jina lake ndilo mzazi anabaki nalo.

Nyumba mpya ilipojengwa, ya mabati, yeye ndiye aliyempa fundi maagizo. Milango yote ilifunguka kuelekea nje. Gata ilizunguka paa na kumwaga maji kwenye mapipa mawili. Kando ya jiko palikaa ndoo ya mchanga, ambayo sisi watoto tulikatazwa kuichezea, na kwenye msumari palining'inia blanketi zito la kufunika moto. Koroboi haikuingia tena. Taa ilifungwa kwa waya, juu, mahali mkono wa mtoto haufiki. Vyeti, kadi za kliniki na hati ya shamba vilikaa ndani ya nailoni, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, karibu na mlango. Filimbi aliivaa shingoni kama wengine wanavyovaa msalaba. Watu walicheka. Baba pia alicheka, ingawa kila Jumamosi yeye ndiye aliyejaza mapipa kama mvua ilikuwa haijanyesha.

Mwaka 2009, wakwe walipokuja kwa koito yangu, kuniposa, wazee wao walikuwa ndio wameketi chai ilipoletwa. Mama alisimama, akawakaribisha kwa heshima, kisha akawaomba watoke nje wote kupitia mlango wa nyuma, ili wajue njia. Mimi Celine nilitamani ardhi inimeze. Wazee waliinuka na fimbo zao, wakatoka, wakarudi, wakanywa chai. Baba mkwe, aliye hapa leo, husema hajawahi kwenda kwa watu wanaomjali mgeni namna ile.

Mvua ya mwaka 2024 mnaikumbuka. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 27 Aprili, mama aliona mlango wa jikoni umekataa kufunga, na chemchemi iliyo chini ya shamba inatoa maji mekundu. Katika baraza moja alikuwa amesikia kwamba hizo ni dalili za mlima unaosogea. Alipanda mteremko, akakuta ufa ardhini, unaoingia mguu mzima. Alirudi akipiga filimbi nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu wahamie kanisani, ng'ambo ya bonde.

Wengi walitoka. Jirani yetu Joab Ayoo, anayefanya kazi kiwandani, alikuwa ametoka zamu na alitaka kulala. Alimwambia kwamba mvua hii si ya kwanza.

Mama akamjibu, "Joab, mlango yangu imekataa kufunga. Wewe toka tu. Kesho ukinicheka, nitafurahi."

Joab ametuomba tuseme kwamba alitoka kwa ajili ya heshima tu, hakuwa ameamini. Mkewe Aluoch alikuwa mja mzito, miguu imevimba, kwa hivyo mama alileta miti miwili na magunia, wakambeba.

Kufika saa tisa mchana watu kumi na wanne walikuwa kanisani. Mama aliwahesabu mara mbili. Ndipo baba akasema amemwacha ng'ombe amefungwa zizini, naye ana mimba ya miezi minane. Mama alimshika koti. Benard alikuwa karibu na alisikia maneno yote.

"Noah, acha ng'ombe."

"Dakika kumi tu, Mama Janeffer. Siwezi kuacha mnyama amefungwa kamba."

Benard alitaka kwenda badala yake, lakini baba alimwamuru abaki na mama. Akatoa mkono wa mama kwenye koti, polepole, akashuka. Mlima ulianguka kabla hajarudi. Ulichukua nyumba tatu, yetu ikiwa mojawapo, na zizi, na chai yote ya upande wa juu. Vijana wa Merigi na wenzake Joab wa kiwandani walichimba siku mbili. Baba alipatikana Jumatatu, kamba ikiwa mkononi mwake, imeshafunguliwa. Kati ya wote waliokaa chini ya mlima ule, ni yeye peke yake aliyekufa.

Watu walimshukuru mama sana, na shukrani zilimuumiza. Alimwambia pasta kwamba alikuwa ameandaa kila kitu na akasahau kufungua ng'ombe. Tulimwambia si kosa lake. Alitusikiliza, lakini hatudhani alikubali. Alichofanya ni kuzunguka. Akiwa na miaka sitini na saba, alikwenda na kikundi cha akina mama wa kanisa boma kwa boma, akionyesha watu kuweka ndoo ya mchanga, kugeuza milango, na kuwafunga wanyama kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja.

Mwezi wa Februari mwaka huu chakula kilianza kumkwama. Hospitalini waligundua saratani ya koo, nayo ilikuwa imeenea. Aliuliza daktari maswali yake, akashukuru, akaomba arudishwe nyumbani. Dada yetu Chepchirchir alimlisha uji kwa kijiko hadi uji nao ukakataa kupita. Mwezi wa Oktoba sauti ilikwisha. Tulikuwa tukimpigia simu, anasikiliza, na kama jibu ni ndiyo anagonga simu kwa ukucha mara mbili.

Jumatano tarehe 5 Novemba nilimwambia, "Mama, nitakuja Jumamosi." Akagonga mara mbili. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Chepchirchir akimshika mkono. Mimi nilikuwa kazini Kipkelion.

Mama ametanguliwa na binti yake Janeffer na mumewe Noah, na leo tunamlaza katikati yao. Ameacha watoto watatu: Benard, Celine na Chepchirchir, wajukuu saba, na dada yake mmoja aliye hai, Mama Ruth wa Chebunyo. Ameacha pia mtoto wa Joab na Aluoch, aliyezaliwa wiki tatu baada ya maporomoko. Wazazi wake walimpa jina Phyllis, na amebebwa hapa leo.

Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu, na amani aliyoikosa kwa miaka mingi aipate kwake. Apumzike.