Gunia la Mchicha Roshani

Habari hii nilisimuliwa kwanza na muuza kahawa. Ilikuwa juma la tatu baada ya mjomba kufiwa na mkewe. Mjomba aliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili na roshani ya hatua nne. Hapo mkazamjomba aliacha gunia la udongo lililotobolewa ubavuni, kila tundu na mche wake wa mchicha. Jioni moja ya juma hilo mjomba alikaa ukingoni mwa benchi la kijiwe cha kahawa, chini ya jengo, akasema mchicha unakufa.

Mara kila mtu akawa bwana shamba. Fundi Saa alitaka miche ihamishiwe kwenye chupa za maji, zining'inizwe kwenye kamba ya kuanikia. Dereva, aliyekuwa amestaafu, akasema chupa ni mchezo wa watoto, mboga inataka tairi la lori. Mjomba akauliza litapandaje ngazi.

— Wewe shusha kamba, sisi tupo, akajibu Dereva.

Kinyozi akaona mchawi ni udongo. Yeye angeotesha ndani ya maji matupu, kwenye beseni, mbolea iwe nywele za wateja wake.

— Halafu tule vichwa vya watu, akasema Fundi Saa.

Wakacheka wote isipokuwa mjomba. Alieleza kwamba maji anamwaga juu ya gunia kila asubuhi, lakini yanachuruzika pembeni hadi sakafuni, na miche ya chini imeshakauka.

Mshonaji wa ghorofa ya pili, mpangaji mgeni, alikuwa amesimama nyuma yao. Alishuka kuuliza nani anamlowanishia vitambaa. Hakuuliza hilo tena.

— Baba, mama mwenyewe alikuwa akimwagilia wapi?

Mjomba akaligusa benchi.

— Alimwagilia jioni. Saa hizo mimi nilikuwa hapa.

Wenzake wakatazama vikombe vyao. Nao walikuwa hapo.

Yaliyofuata alinieleza mjomba mwenyewe. Mshonaji alipanda naye, akapapasa juu ya gunia, akafukua kifuniko cha sufuria ambacho mimi mjomba wako, alisema, nilikuwa nikikitafuta tangu maziko. Chini yake kokoto zilipangwa katikati ya gunia hadi kitako. Maji yalipaswa kupita humo, yaifikie miche ya chini.

Mchicha wa juu ulipona. Wa chini haukurudi. Mjomba akawa wa mwisho kufika kijiweni kila jioni, mikono ina unyevu.

Fundi Saa na Dereva hawapo tena. Mjomba alifariki mwaka juzi. Kinyozi yu hai, ila haoni vizuri. Muuza kahawa yu hai. Mshonaji yu hai, na gunia liko roshani kwake, pamoja na kifuniko.