Eufrasia Ngeleja, Aliyeanza Kila Lugha kwa "Pole na Kazi"

Tarehe 31 Desemba 2013, Mama Eufrasia Ngeleja, Msimamizi wa Chumba cha Madaraja hapa Jinari ya Igembe, Bariadi, kiwanda chetu cha kutenganisha pamba na mbegu, anastaafu baada ya kuitumikia pamba kwa miaka thelathini na tisa. Miaka ishirini ya kwanza jinari ilikuwa mali ya ushirika, iliyofuata ikawa ya kampuni yetu. Aliingia na lugha mbili: Kisukuma cha nyumbani kwao Sapiwi na Kiswahili cha shule. Anatoka na nyingi kiasi kwamba wenzake tumeacha kuzihesabu. Kila tukidhani tumezimaliza, anapokea simu nyingine na kuanza kucheka kwa maneno ambayo hatujawahi kuyasikia.

Kamati ya sherehe ilimpa kazi hii mwandishi wa wasifu huu, Danford Mashimba wa karakana, kwa sababu aliwahi kusafiri naye. Ni kweli alisafiri naye. Walikaa nchi moja, wakala meza moja, wakasikiliza watu walewale. Mama Eufrasia akarudi anaongea, na mwandishi akarudi na neno moja tu, la wali.

Alianza mwaka 1974 akiwa kibarua wa kupokea pamba mbegu getini. Haikuchukua muda wakubwa wa wakati ule kugundua kwamba vidole vya binti huyu havidanganyiki. Akishika tonge la pamba anajua kama limelala nje likanyeshewa, kama limechumwa na majani, kama kuna mtu ametia mchanga ili mzani uteremke. Akahamishiwa Chumba cha Madaraja, pamba inakopangwa kwa ubora wake, na hakutoka tena.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa kila mwenye leseni na lori. Wanunuzi wakamiminika kwenye magulio, kila mmoja na mzani wake, na katika kugombea kilo, pamba safi na pamba fifi zikaanza kutupwa kwenye lundo moja. Kupanga madaraja kukaonekana ni ushamba wa zamani. Wenzake wengi wa chumba kile walipunguzwa kazi. Mama Eufrasia alibaki kwa sababu Mkurugenzi wetu wa kwanza, Mzee Yakobo Salu, alikuwa na tatizo ambalo ushirika haukuwahi kumwachia mtu wa Bariadi: pamba nyuzi ilibidi tuitafutie soko wenyewe, ng'ambo. Alihitaji mtu wa kuisemea. Akamkatia pasipoti mwanamke ambaye mpaka siku ile safari yake ndefu ilikuwa Mwanza, tena kwa harusi.

Hapo ndipo tulipogundua kipaji chake kingine. Mama Eufrasia hajawahi kusomea lugha yoyote ya ng'ambo darasani. Ana njia yake, nayo ni ya hapahapa. Kwetu, mtu hapiti mbele ya mwenzake anayelima au anayetwanga akanyamaza kama jiwe. Lazima aseme pole na kazi, na akishasema, hata kama ni mgeni, anaweza kusimama, akauliza habari, akashika hata mpini. Basi katika kila nchi aliyoshuka, kabla ya kuuliza hoteli iko wapi, aliuliza watu wa pale wanamwambiaje mtu wanayemkuta kazini. Akilipata neno hilo, anakwenda nalo mpaka kwa mtu anayefagia au kumenya viazi, analisema, kisha anakaa chini kumsaidia. Lugha inamwingia kupitia mikono. Neno la kisu analipata akiwa ameshika kisu.

Izmir, Uturuki, alikuta wana neno hilo kamili. Ukimkuta mtu anafanya kazi unamwambia kolay gelsin, yaani kazi ikujie kwa wepesi. Mama Eufrasia alifurahi kana kwamba amekutana na mtu wa ukoo wao. Mpaka yeye na Mzee Salu wanaondoka, alikuwa anawatania wapakuzi wa bandarini, nao wanamjibu, huku mzee akisubiri kwenye teksi.

Bremen, Ujerumani, mambo yalikuwa magumu kidogo. Alipoingia kwenye treni aliwasalimia abiria wote wa behewa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia msibani Sapiwi, akimuuliza kila mmoja habari za nyumbani. Mzee Salu alijifunika uso na gazeti. Lakini bibi mmoja mwenye kikapu alijibu, akaeleza habari za mwanawe, za mguu wake na za paka, na mpaka kituo cha mwisho Mama Eufrasia alikuwa na maneno ya kuanzia. Ghalani wafanyakazi walikuwa wakisalimiana Mahlzeit, yaani mlo mwema, wakati wa chakula cha mchana. Akalichukua, akawasalimia nalo mpaka jioni. Hakuna aliyemrekebisha. Inasemekana wanalitumia mpaka jioni hata sasa.

Msomaji asidhani safari zote zilikuwa za kuchekesha. Mwaka 1999 nusura jinari hii ifungwe, na ndiyo sababu hasa ya sherehe yetu kuwa kubwa namna hii.

Wakati ule pamba yetu karibu yote ilikuwa inanunuliwa na kiwanda kimoja cha kusokota nyuzi katika mji wa Coimbatore, kusini mwa India. Kikatuma habari kwamba vitambaa vyao vinatoka na michirizi isiyoshika rangi, na kwamba michirizi inatokana na pamba ya Bariadi. Msimu mmoja zaidi wa namna ile, nao hawanunui tena. Kila mtu hapa alielewa maana yake. Wakulima wa Sola, Sapiwi na Kimali wangebaki na pamba ndani ya nyumba, na sisi tungebaki na jengo. Mzee Salu alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Akatumwa Mama Eufrasia, na mwandishi wa wasifu huu akaongozana naye kwa ajili ya kuangalia mashine.

Asubuhi ya kwanza pale getini alikaa mlinzi mwenye mvi. Mama Eufrasia, kama mwanamke yeyote wa kwetu aliyelelewa akaleleka, alipiga magoti kumwamkia. Mlinzi alidhani mgeni amezirai. Akapiga kelele, wakaja watu na maji, mmoja na kiti, mwingine na machela. Ilibidi apige magoti mara ya pili ili waone kwamba ni makusudi. Mlinzi akalengwalengwa na machozi, na kuanzia siku ile kila asubuhi alimuuliza kwa Kitamil, lugha ya kule, saptacha, yaani umekula? Hapo hapo akawa amelipata neno lake. Kule humwambii mtu pole na kazi, unamuuliza kama amekula.

Kwenye kikao mabwana wa kiwanda walizungumza kwa heshima, wakatuonyesha vitambaa vyenye michirizi. Ni plastiki, walisema, nyuzi nyembamba za plastiki zilizochanganyika na pamba. Zinaingiaje, wao hawakujua, na sisi tuliapa kwamba hazitoki kwetu. Kikao kikaisha tukiwa pale pale. Mama Eufrasia akaomba kitu kimoja: akae na wanawake wanaochambua pamba kabla haijaingia mashineni.

Wanawake wale walikaa kwenye safu wakichomoa uchafu kwa vidole, na aliyekuwa kinara wao anaitwa Mallika. Mama Eufrasia akamuuliza saptacha, akavua viatu, akakaa chini, akaanza kuchomoa. Alikaa pale siku baada ya siku. Mwanzoni walimcheka, kisha wakaanza kumfundisha: pamba, uzi, buluu, nyeupe, vuta, tupa, dada. Wakati mwandishi akiwa anakula wali, yeye alikuwa ameanza kuelewa masengenyo.

Siku moja Mallika alichomoa uzi wa buluu kwenye robota letu, akaunyoosha mbele ya macho yake, akasema jambo kwa wenzake bila hasira. Mama Eufrasia alilielewa lote bila mkalimani. Mallika alisema, "Wanaotuletea pamba hii, sijui tumewakosea nini." Mdogo wake alikuwa amefukuzwa kazi kwa sababu uzi kama ule ulimpita.

Mwandishi alikuwapo. Alimwona Mama Eufrasia akiushika uzi ule wa buluu muda mrefu, maana na yeye aliutambua. Ulikuwa uzi wa mfuko wa salfeti, mifuko ileile ambayo mbolea na sukari huja nayo, na ambayo kila nyumba kwetu huitumia kubebea pamba mpaka gulioni. Mifuko inachakaa, inachanika, nyuzi zinabaki ndani ya pamba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kwa Kitamil cha kuokoteza akamwambia Mallika kwamba wale watu hawawachukii, ila hawajui kama wachambuzi wapo. Kisha akamwahidi kwamba watajua. Akamfundisha neno moja la Kisukuma, mhola, ambalo kwetu ndilo jibu la salamu, yaani ni amani, ni salama. Wakakubaliana kwamba msimu ujao robota la kwanza likifunguliwa bila uzi, Mallika apige simu Bariadi na kulisema.

Aliporudi hakuitisha semina. Alikwenda gulio kwa gulio, akaanza Sapiwi kwao, akatandika mkeka, akamwaga pamba ya watu mbele yao, akakaa kama Mallika anavyokaa na kuanza kuchomoa nyuzi za salfeti. Maneno ya Mallika aliyasema kwanza kwa Kitamil, kwa sauti yake ileile. Watu walivunjika mbavu. Kisha akayasema kwa Kisukuma, na kicheko kikakatika. Kule Kimali mkulima mmoja, Nyanjige, alisimama na kumwita kwa Kisukuma kama anavyomwita mama yake, "Mayu, kumbe kuna mwenzetu anaketi huko anatuchambulia?" Akatandika shuka lake, akahamishia pamba humo, salfeti akaikunja akairudisha nyumbani. Wengine wakafuata. Kampuni nayo ikashona mashuka ya pamba, ikayagawa kila gulio, na utaratibu ule ndio tunaoufuata mpaka leo. Wapya mnaolalamika kufua mashuka, sasa mnajua yalikotoka.

Msimu uliofuata shehena ilipoondoka, ofisi nzima ilikuwa inazungukazunguka karibu na simu ya mezani kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Hakuna aliyekuwa na kazi siku ile, ingawa wote tulishika kitu mkononi. Simu ilipolia, Mama Eufrasia alisikiliza, akaweka mkono kifuani, akatuambia, "Amesema mhola." Mzee Salu, marehemu sasa, alilia mbele ya wafanyakazi wake na hakuona aibu.

Tangu hapo simu ile hupigwa kila msimu. Mwaka mmoja ililia na neno halikuja, likaja neno la Kitamil la buluu. Mama Eufrasia alikuwa Sola kabla jua halijazama, na siku chache baadaye tulijua ni gulio gani lililorudia salfeti. Mdogo wake Mallika alirudishwa kazini. Hatukuliomba hilo, lakini tulijidai nalo.

Mwaka huu wote tulikuwa na hofu moja ambayo hakuna aliyetaka kuisema. Mashine tunazo, mashuka tunayo. Lakini mtu wa kupokea simu ile alikuwa mmoja. Miaka mitatu iliyopita alianza kumfundisha msaidizi wake, Bi. Gloria Paschal, na alimfundisha kwa njia yake: akimpigia Mallika, anamkabidhi Gloria simu na kwenda kunywa chai, amwache apambane. Gloria aliteseka sana. Alikuwa akitoka mle ofisini amelowa jasho.

Mwezi uliopita simu ya msimu ililia. Tulijazana mlangoni. Mama Eufrasia hakunyanyuka. Alimwelekeza Gloria kwa kidevu, akaendelea kupanga sampuli zake. Gloria akapokea, akasema saptacha, akasikiliza, kisha akageuka amebadilika uso. Alisema sauti si ya Mallika. Ni mwanamke mwingine, kijana. Akabonyeza kitufe cha spika ili wote tusikie. Halafu yule mgeni, polepole, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, akasema mhola, na nyuma yake tukamsikia Mallika anacheka. Naye alikuwa anastaafu. Naye alikuwa amekaa pembeni, amemwachia mwingine simu.

Mama Eufrasia alichukua simu ile mwishoni kabisa. Wazee hao wawili walizungumza kwa muda mrefu na hatukuelewa hata neno, isipokuwa wali, ambalo mwandishi aliwatafsiria wenzake kwa majivuno makubwa.

Mama Eufrasia, kwa niaba ya Menejimenti, wafanyakazi wote na wakulima ambao pamba yao uliisemea, tunakushukuru. Tutakukosa, na wengine tutakukosa vibaya. Nenda Sapiwi ukapumzike na wajukuu, mvua zikukute shambani kwako, na kila apitaye njiani asimame akuambie pole na kazi. Wabeja sana, ndiyo asante yetu ya Kisukuma. Mikono yako tunayo, masikio yako tunayo, na simu yetu ina wa kuipokea. Ukituuliza habari za jinari, jibu letu ni mhola.