Watu Arobaini na Watatu Kwenye Rafu ya Mzee Kisigino

Tarehe 30 mwezi wa sita, saa tisa na nusu alasiri, karakana ya miguu bandia ya hospitali yetu ilipoteza fundi wake pekee wa kuchonga. Hakufa. Amestaafu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne, na ni mzima kiasi kwamba alilibeba mwenyewe sanduku la tupa zake hadi getini. Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajaribu.

Hapa kazini tunamwita Mzee Kisigino, kwa sababu hakuna kikao alichohudhuria bila kuzungumzia visigino, hata kile cha kuchagua rangi ya mapazia. Alianza kama seremala wa vitanda vya wodini. Fundi wa miguu wa wakati ule alimwona akipiga randa mguu wa meza, akamwambia aachane na miguu inayosimama tu, aje kwenye inayotembea. Tangu hapo ametengeneza miguu 2,341. Nimehesabu daftari kwa daftari, mara mbili.

Wa kwanza ulikuwa wa mama muuza vitunguu. Siku ya tisa mama yule alirudi kwa magongo, akaubwaga mezani.

"Fundi, huu umenitengenezea wa kukaa. Mimi nasimama masaa kumi na moja kila siku. Uliniuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Kuanzia siku hiyo hakushika plasta kabla ya kumuuliza mtu: "Mguu huu unakwenda wapi kwanza?" Jibu huliandika kwa penseli juu ya umbo la plasta alilolichukua kwenye kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, cha mtu huyo, kisha huchonga kufuata njia hiyo. Ngazi za ghorofa ya tatu zina kisigino chake. Shamba la tope lina chake. Baba mmoja alijibu, "Kwa mama mkwe, kuomba radhi," akachongewa mguu unaoweza kupiga magoti. Mwaka wake wa kwanza, miguu kumi na tisa kati ya sitini ilirudishwa kwa maumivu. Mwaka uliopita, miwili kati ya sabini na mmoja.

Vicheko vilikuwepo. Bwana harusi mtarajiwa alimnong'oneza, "Fundi, niongezee inchi mbili, mchumba wangu ananitazama kwa juu." Mzee, bila kuinua macho: "Na huu mwingine uliozaliwa nao, tuuvute kwa kamba?" Tena kuna mwalimu ambaye mguu wake ulilia kwii kwii mbele ya wanafunzi mia nne. Mzee alikwenda shuleni saa ya mapumziko na kichupa cha mafuta, akashangiliwa kama mfungaji wa mabao.

Mimi niliingia hapa nikiwa mfagiaji, miaka kumi na tisa iliyopita. Kushona mikanda ya miguu nilijifunza kwa kufumua iliyochakaa na kuishona upya jikoni kwangu. Mzee akaiona, akanivutia kiti. Vyeti sina. Mara saba aliiandikia ofisi ya utawala barua kuomba aruhusiwe kumfundisha mtu kuchonga, mimi au yeyote mwingine. Sita hazikujibiwa. Ya saba ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu jibu hilo. Kwa kuchungulia begani kwake najua kama asilimia sabini ya kazi ile. Thelathini iliyobaki ndiyo inayomzuia mtu kuanguka na kutoka vidonda, kwa hiyo sijidanganyi, na mtu simdanganyi.

Siku ya kuagana alipewa dakika tano, akatumia arobaini, zote kwa shukrani. Alimshukuru mkewe, aliyelalia mto wenye vumbi la plasta miaka yote hii bila kuhamia chumba cha pili. Alimshukuru marehemu fundi aliyemtoa kwenye vitanda. Alimshukuru mpishi wetu kwa kumfunikia sahani kila siku aliyosahau kula, yaani kila siku. Kuliko wote, Mzee alimshukuru mama wa vitunguu: "Aliniaibisha mapema, kabla sijaota kiburi."

Halafu akaigeukia rafu. Yapo maumbo arobaini na matatu ya watu aliokwisha kuwapima na hakupewa muda wa kuwamaliza. Aliomba miezi sita, akanyimwa. Akaanza kusoma penseli, moja moja. Kumpeleka binti yangu darasa la kwanza. Kunyoa wateja nikiwa nimesimama. Kuchota maji mwenyewe. Kwenye kaburi la kaka, sikuzika. Alipofika la kumi na tisa akaacha kusoma.

"Hawa nao nawashukuru," akasema. "Waliniamini. Na ndio ninaowaacha."

Hakuna aliyegusa biskuti.

Kwa wasioijua kazi yetu: kigutu hunywea. Umbo la plasta likipita miezi mitatu halimfai tena mwenyewe. Kumi na mawili kati ya yale yatapitwa na wakati tarehe 18 mwezi huu. Simu ya karakana naipokea mimi siku hizi. Jana walipiga wanne wa kwenye rafu, nikawaambia bado. Mmoja akaniuliza, "Dada, bado maana yake nini?"

Mzee wetu, ahsante. Ulitufundisha kuuliza kabla ya kushika kazi. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wa kukusumbua kwa kiasi. Uishi vizuri, na usijilaumu.

Na nyinyi wa ofisi ya utawala, ambao jarida hili huwafikia kabla yetu: nani atawatengenezea miguu watu hawa arobaini na watatu, na anaanza lini? Kama hayupo, andikeni hayupo. Nataka jina na tarehe, kwa maandishi, juu ya meza ya mikanda, kabla ya saa nne asubuhi, Ijumaa tarehe 11. Saa nne na dakika tano naanza kuwapigia simu watu hao, mmoja mmoja, na nitawasomea mlichoandika. Niwaambie nini?